Diski Ikikuonya, Nakili Kwanza

Unawasha kompyuta asubuhi, na badala ya skrini uliyoizoea yanatokea maandishi meupe juu ya weusi: S.M.A.R.T. Status Bad, Backup and Replace. Kwenye laptopu nyingi za HP ujumbe huja kwa sura nyingine, na namba 301 mbele yako. Unaambiwa ubonyeze kitufe ili uendelee. Unabonyeza. Mashine inawaka, mafaili yapo, kazi zinakwenda, na kufikia adhuhuri umeshasahau. Kesho yanatokea tena, nawe unabonyeza tena. Wiki ikiisha, kidole kinabonyeza chenyewe kabla macho hayajasoma.

Watu wengi huipoteza mali yao katika wiki hiyo ya kuzoea, miezi kadhaa kabla diski haijakata roho.

Nasema na wewe wa Majoreni, na wewe wa Shimoni, Vanga, Kikoneni na Msambweni, uliyekabidhiwa kumbukumbu za wenzako kwenye kompyuta moja na kila siku unamwomba Mungu isiharibike. Dua ni njema, iendelee. Lakini diski iliyokuonya imekupa kitu ambacho wengi hawakukipata, nacho ni muda. Haikusema muda huo ni kiasi gani. Yaweza kuwa mwaka, yaweza kuwa saa moja. Kwa hiyo usiutumie kuuliza-uliza, wala kumtafuta wa kumlaumu, wala kujaribu dawa uliyosikia saiba. Utumie kunakili. Ukishanakili, pima. Ukishapima, amua. Mtu anayeshika mpangilio huo bila kuupindua anaokoa mali ambayo baadaye hata fundi mwenye vyombo vyote huenda akashindwa kuirudisha.

Na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Mali yenyewe

Tuanze na thamani, maana mtu halindi asichokithamini. Huku kusini mwa Kwale riziki yetu imefungamana na kumbukumbu kuliko tunavyokiri. Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, hizi BMU zetu, zilitoka mwaka 2007, na kuandika kinachovuliwa ni sehemu ya kazi yao: samaki gani, kilo ngapi, chombo gani, mtego gani. Siku moja ya takwimu hizo haina uzito. Miaka kumi yake ndiyo inayompa mvuvi ulimi wa kusimama mbele ya afisa na kusema: changu wamepungua hapa, tasi bado wapo pale, nasi tunao ushahidi.

Tazama mikoko. Gazi, upande wa Msambweni, walianza mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, wakauza hewa ya ukaa inayotunzwa na miti yao. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na mradi wao mwaka 2019. Mnunuzi aliyeko Ulaya haji kuushika mkoko. Ananunua vipimo: miti mingapi, unene gani, imekua kiasi gani tangu mwaka jana. Vipimo vikipotea, mti utabaki umesimama matopeni na usiuzike.

Ongeza hesabu za kikundi cha akina mama wa mwani. Ongeza alama za wanafunzi, majina ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, picha za hati za mashamba, video za harusi ambazo bwana harusi bado anazidai. Ongeza sauti ya bibi mmoja akisimulia habari za zamani kwa Kidigo au Kivumba, iliyorekodiwa na mjukuu wake likizoni. Bibi akishatangulia, sauti ile haina duka inakouzwa.

Vyote hivi mara nyingi vimo ndani ya kifaa kimoja kinachoenea kiganjani. Sasa kifaa hicho kimesema kinaumwa. Je, utabonyeza kitufe uendelee?

Inavyojiandikia habari zake

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kifaa cha namna hiyo kikiishi miaka mitano ndani ya begi linalorushwa-rushwa juu ya bodaboda, kwenye joto na upepo wa chumvi, na stima ikikatika na kurudi itakavyo, hapo pana la kushangaza. Kuchakaa kwake si ajabu hata kidogo.

Uso wa sahani umegawanywa katika vijisehemu vinavyoitwa sekta, na kiwandani huwekwa sekta za ziada. Sekta ikiharibika, diski huipa kazi yake sekta ya ziada bila kukusumbua, kisha huandika tukio hilo kwenye kumbukumbu zake za ndani. Kumbukumbu hizo ndizo SMART. IBM ilianza kutoa diski zinazojichunguza namna hii mwaka 1992, Compaq ikaja na mfumo wake mwaka 1995, kisha watengenezaji wakakubaliana juu ya utaratibu mmoja. Kwa hiyo mashine iliyo mbele yako, hata iwe ya mtumba, ile tunayoiita ex-UK, inajiandikia habari zake kila siku. Kilichokosekana ni msomaji.

Usomaji wenyewe hauna gharama. Kwenye Windows pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure kutoka Japani. Kwenye Linux sakinisha smartmontools, mradi ulioanzishwa na Bruce Allen mwaka 2002. Kusoma kumbukumbu hizo hakugusi faili lako hata moja, kwa hiyo huna la kuogopa.

CrystalDiskInfo hutumia rangi: buluu ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Usiishie kwenye rangi. Teremka kwenye orodha, tazama safu ya mwisho iliyoandikwa Raw Values, na uisome mistari minne.

Mstari wa 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa. Mstari wa C5, ambao Linux huuita 197, ni sekta zinazosubiri hukumu: diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijaamua kuzihamisha. Mstari wa C6, au 198, ni zile zilizoshindikana hata diski ilipojikagua yenyewe. Mstari wa C7, au 199, ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na hapo mara nyingi mkosaji ni waya, diski yenyewe ikiwa nzima.

Kati ya hiyo minne, C5 ndiyo ya kukunyima usingizi. Ndani ya sekta inayosubiri mna kipande cha faili la mtu, na kipande hicho sasa hakisomeki. Hata ikiwa moja tu, leo si siku ya kuahirisha.

Jihadhari na mitego mitatu. Wa kwanza: CrystalDiskInfo huandika namba hizo kwa hesabu ya kumi na sita, hivyo 10 unayoiona ni sekta kumi na sita. Fungua Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10 [DEC], nazo zitakuwa namba tunazozijua sote. Wa pili: diski nyingi za Seagate huonyesha mamilioni kwenye mistari ya 01 na 07. Mtengenezaji amefunga hesabu mbili ndani ya namba moja, na mamilioni hayo ni ya kawaida, kwa hiyo usikimbie. Wa tatu ni neno PASSED ambalo smartmontools hulitoa. Maana yake ni kwamba hakuna kipimo kilichovuka mpaka aliouweka mtengenezaji mwenyewe, na mpaka huo uko mbali. Diski yenye mamia ya sekta mbovu yaweza kukuandikia PASSED huku ikimeza picha zako.

Angalia pia mstari wa 09, wa saa ambazo diski imewaka. Mwaka mzima una saa 8,760. Kompyuta ya ofisi inayowaka saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, hujikusanyia takriban saa 2,080 kwa mwaka. Kwa hiyo muuzaji akikuambia laptopu imetumika kidogo tu na 09 inasema 26,000, una haki ya kurudisha pesa mfukoni. Hata hapo usilale, kwani namba hufutika. Januari 2025 tovuti ya habari za kompyuta ya Ujerumani, Heise, lilifichua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya ilhali zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, na saa zake kwenye SMART zimerudishwa sifuri. Ulaghai uligunduliwa kwa sababu mtengenezaji alikuwa na kumbukumbu ya pili ndani ya diski, iitwayo FARM, ambayo walaghai hawakuigusa.

Onyo liamini, ukimya usiuamini

Namba moja ni habari. Namba mbili zenye tarehe ni ushahidi. Nunua daftari la shule, chora safu sita: tarehe, saa, 05, C5, C6, C7. Jaza mara moja kila mwezi. Diski yenye 05 ya 8 ambayo mwaka mzima imebaki 8 yaweza kuendelea na kazi isiyo nyeti. Iliyokuwa 8 Jumatatu na 40 Alhamisi haina tena wiki ya kuchezewa. C7 nayo haishuki kamwe, hata ubadilishe waya, kwa hiyo iandike, weka waya mwingine, rudi baada ya siku kadhaa. Ikiwa imesimama palepale, umetengeneza diski kwa bei ya waya.

Kwa nini nasisitiza haraka? Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitoa matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Siku 60 zimepita kabla hujamaliza kujadiliana na kamati nani atoe pesa za diski mpya.

Utafiti huohuo una habari ya pili, nayo ni chungu zaidi. Zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye vipimo vya SMART, ukiondoa joto. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu kwenye mamia ya maelfu ya diski, ilitazama vipimo vitano inavyovitegemea ikakuta asilimia 23.3 ya diski zilizokufa zilikuwa safi hadi mwisho. Hesabu zimetofautiana, fundisho ni moja. Rangi ya buluu haikuahidi kesho. Diski ikisema ni mbovu, iamini papo hapo. Ikinyamaza, fanya nakala vilevile.

Shusha shehena

Dau likianza kuvuja na shehena imo, nahodha hashuki chini kuhesabu matobo. Shehena ifike ufukweni kwanza, kisha chombo kivutwe mchangani, kisha fundi aje na kalafati yake. Mtu anayeona onyo la diski akakimbilia kuipima saa tatu mfululizo ameanza kuhesabu matobo akiwa bado mkondoni. Kipimo kirefu huisomesha diski kila sehemu yake, na diski dhaifu yaweza kufa katikati ya kusoma mahali pasipo na kitu, kabla haijapewa nafasi ya kukutolea picha zako.

Kwa hiyo, onyo likija, fanya hivi.

Acha kuitumia kwa lolote jingine. Usisakinishe programu, usisasishe Windows, usishushe filamu. Kila unachoandika juu ya diski inayougua chaweza kukaa juu ya kitu unachotaka kukiokoa.

Panga kwa thamani. Tangulia na vitu visivyopatikana popote duniani: hesabu, takwimu, hati, sauti, picha za watu. Muziki na filamu ziache mwisho, hizo zina wenyewe.

Nakili kwenda diski nyingine kabisa. Nimeona watu wakihamisha kila kitu kutoka C kwenda D na kushusha pumzi, wakati C na D ni vyumba viwili vya nyumba hiyohiyo. Diski ikifa, vyote viwili vimekwenda. Nakala iwe kwenye kifaa unachoweza kukichomoa na kuondoka nacho.

Faili likikwama, liruke uendelee na mengine. Usiing'ang'anie picha moja huku elfu moja zikisubiri.

Ukimaliza, chomoa diski ya zamani na ufungue mafaili kutoka kwenye nakala. Fungua la kwanza, la katikati na la mwisho. Cheza video hadi mwisho wake. Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni tumaini tu.

Ikiwa Windows inaganda kila ukigusa folda, usiilazimishe. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi na utumie ddrescue, programu ya bure iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Yenyewe huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudi taratibu kwenye zile ngumu, na huweka ramani ya ilikofika. Stima ikikatika usiku, unaendelea pale ulipoachia. Ina hatari moja kubwa: ukikosea ukataja diski mbovu kuwa ndiyo ya kupokea, umefuta kila kitu kwa mkono wako. Linganisha ukubwa, linganisha namba ya utambulisho iliyobandikwa juu ya diski, na mwite mtu wa pili asome kabla hujabonyeza.

Na ikiwa diski inagonga, tik, tik, tik, au kompyuta haiioni kabisa, hapo simama. Zima. Hakuna kipimo wala programu itakayosaidia, na kila dakika ya kuiwasha inazidi kuukwaruza uso wa sahani. Usiifungue, kwani vumbi la chumba chako ni milima mbele ya kichwa kinachoelea nanomita chache. Usiigonge. Usiitie kwenye friji, hata kama mtandaoni wameapa. Ikiwa yaliyomo yana thamani ya gharama, wapelekee wataalamu wa kuokoa data. Ikiwa hayana, iage kwa heshima.

Sasa pima

Shehena iko ufukweni. Sasa una uhuru wa kupima bila moyo kudunda, kwa sababu diski ikifa haikuchukulii chochote.

Kwenye Windows tumia GSmartControl, ambayo ina vitufe vya kubonyeza. Kwenye Linux andika smartctl -t short ukifuatiwa na jina la diski. Kipimo kifupi huchukua kama dakika mbili na hutazama umeme wa ndani, mitambo na sehemu ndogo ya uso. Kikipita, anzisha kirefu kwa -t long. Hiki husoma sekta zote, na kwa diski ya terabaiti moja kitachukua saa mbili, tatu au zaidi, hivyo kiache usiku kucha. Majibu utayaona kwa -l selftest. Vyote viwili husoma tu bila kuandika. Stima ikikatika, kipimo kimevunjika na data iko palepale, utaanza upya.

Iweke mashine mezani, isiyumbe, chaja ikiwa imechomekwa, na uzime ile tabia yake ya kusinzia ikiachwa. Diski za nje zenye kisanduku cha USB zina shida hiyo: hulala katikati ya kipimo, na visanduku vingine havipitishi kabisa habari za SMART. Jaribu kuongeza -d sat kwenye amri ya smartctl. Ikigoma bado, iunganishe moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani.

Jibu likiwa Completed without error na mistari minne imetulia, andika kwenye daftari uendelee. Likiwa read failure, hata mara moja, kazi yake ya kutunza vitu vya thamani imekwisha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi huumizwa na watu wenye nia njema. Amri ya chkdsk /r haisomi tu, inatengeneza, yaani inaandika na kubadilisha. Juu ya diski inayokufa, yaweza kuyakata mafaili vipande na kuita hayo matengenezo. Ukimpelekea fundi mashine yako na kitu cha kwanza anachotaka kufanya ni chkdsk, au kufomati, muulize kwa adabu: fundi, umeshanakili? Una haki hiyo hata kama yeye anajua mengi kuliko wewe. Kadhalika amri ya badblocks -w hufuta diski nzima ili kuipima, kwa hiyo usiiguse ikiwa nakala haipo na haijafunguliwa.

Ukitaka kujua kama diski yenye C5 chache bado inafaa kwa kazi ndogo, na nakala umeshaihakiki, ifomati kikamilifu, ile fomati ndefu inayoandika kila mahali. Kuandika huilazimisha diski kutoa hukumu juu ya sekta zinazosubiri. C5 ikirudi sifuri na 05 haikupanda, iweke kwa muziki na filamu. 05 ikiruka juu, au C5 ikarudi baada ya wiki, iondoe kazini.

Kwa wenye SSD nitakuwa mfupi. Hazina sahani wala mlio, na nyingi hufa ghafla. Tazama Percentage Used, Available Spare na Media Errors. Usiifanye SSD kuwa kabati la kutunzia vitu bila kuwashwa miaka nenda miaka rudi, kwani chaji inayoshikilia data huvuja polepole.

Nakala tatu, nyumba mbili

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni nyepesi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mahali pengine. Kwa Majoreni inatekelezeka bila bajeti ya serikali. Moja kompyutani. Moja kwenye diski ya nje inayochomekwa siku ya kunakili tu, kisha hukaa kabatini. Moja Shimoni kwa katibu, au Ukunda kwa ndugu anayeaminika, ikibadilishwa kila mwezi. Zile takwimu za samaki na hesabu za kikundi ni nyepesi hata kwa simu yako, nazo zinaingia kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa bando dogo.

Usidhani haya ni ya watu wadogo. Mwaka 1998 studio ya Pixar, ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, ilifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya kazi yake, kisha ikagundua nakala zake za akiba zilikuwa hazifanyi kazi na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Waliokolewa na Galyn Susman, mfanyakazi wa studio hiyo aliyekuwa amejifungua, ambaye alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Fedha zote zile, wataalamu wote wale, wakaokolewa na nakala iliyokaa nyumba nyingine.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuona diski. Akiba hii inaoza, tena kimyakimya, kwa hiyo ifungue mara kwa mara uione. Na unaponunua flashi ya bei ya kutupa iliyoandikwa terabaiti mbili, ijaribu kwanza kwa H2testw au F3, programu za bure zinazoijaza flashi tupu na kuisoma tena. Nyingi za namna hiyo hudanganya ukubwa wake: hupokea mafaili yako yote na kutunza machache.

Kila kijiji mtu mmoja

Ninachokuomba si kikubwa. Majoreni ipate mtu mmoja, kijana wa kike au wa kiume, mwenye daftari na flashi ya Linux, ambaye mwisho wa kila mwezi anapita ofisi ya BMU, shuleni, msikitini, kwa kikundi cha mwani, anasoma mistari minne na kuhakikisha nakala inafunguka. Ujuzi wake ameupata kwa kusoma, vyombo vyake ni vya bure. Mwezi wa kwanza watamcheka. Siku diski ya kwanza itakapokufa na kazi ikaendelea alasiri hiyohiyo, watamtafuta hadi Lunga Lunga. Na huo tayari ni mtaji: watu hulipa kwa kitu kilichowaokoa.

Awe pia na ulimi uliofungwa. Atakayoyaona ndani ya diski za watu ni siri zao, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Diski iliyostaafu ifutwe au itobolewe kwa dirili sahani zote. Isiuzwe kwa kilo ikiwa na picha za watoto wa shule ndani yake.

Usisubiri semina. Usisubiri mradi wenye fulana na posho. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya diski yako yana namba unayoweza kuisoma kabla ya chai kupoa. Chomeka diski ya pili leo. Anza na lile faili ambalo ungelilia ukilikosa. Nakili, fungua, hakiki, kisha pima. Ukimaliza la kwako, beba daftari uende kwa jirani.